Tulimwambia Mama Tunakwenda Kupumzika

Mume wangu alianza kulala ameketi katika ule mwaka ambao ofisi nyingi za mkoa mpya wa Manyara zilikuwa bado kwenye majengo ya kuazima. Alianza kwa kuongeza mto. Kisha akaongeza mwingine, mwisho akawa anaegemea ukuta kama abiria aliyekosa basi la asubuhi. "Nikilala chali nahisi kama nazama," aliniambia, akacheka ili nisimwulize zaidi. Mimi nilikuwa nafundisha darasa la pili katika shule moja pale Bagara. Nilikuwa nikiandika ubaoni najikuta nimesimama na chaki mkononi, nimetega sikio, utadhani pumzi yake ingeweza kunifikia kutoka Mutuka alikokwenda kupima viwanja.

Alikuwa mpima ardhi. Mkoa ulipoanzishwa alihamishiwa Babati kutoka Singida, na kwake huko kulikuwa kurudi nyumbani, maana mama yake aliishi Bonga, kwenye nyumba ile ile alimomzaa. Mji ulikuwa umechangamka. Watumishi waliohamia, wafanyabiashara, makanisa, kila mmoja alitaka kiwanja chake na alikitaka jana. Yeye alipanda na kushuka vilima na chombo chake cha miguu mitatu begani, mpaka siku wenzake walipomkuta amekaa juu ya kichuguu, midomo imegeuka rangi ya zambarau, sauti ya kuita haitoki.

Daktari wa hospitali ya rufaa alituonyesha ngumi yake, akaifungua na kuifunga. "Moyo una milango," alisema. "Mmoja wa kwako umekakamaa. Haufunguki vizuri, wala haufungi vizuri." Alisema chanzo ni homa ya viungo aliyougua utotoni. Dawa zingemsogezea siku tu. Tiba yenyewe ilikuwa kubadilishiwa ule mlango, na kwa wakati ule kazi hiyo tulielezwa inafanyika India.

Nikamwuliza, "Wanaufikiaje?"

Daktari akachora mstari kifuani pake kwa kidole. "Wanafungua kifua, mama. Wanausimamisha moyo, wanafanya kazi yao, kisha wanauamsha."

Hilo neno, wanausimamisha, nilirudi nalo Babati ndani ya basi, nikalala nalo, nikaamka nalo. Nilikuwa nikiosha vyombo naliona. Moyo wa mtu ninayemjua umesimama, na watu wazima wenye akili zao wameuzunguka wakiutazama.

Kibali cha matibabu kilipotoka, hospitali tuliyopangiwa ilikuwa Kolkata. Hapo ndipo jirani yetu alipoingia katika habari hii. Alikuwa mhandisi wa visima, Mhindi wa kabila la Wabengali, aliyepanga nyumba ya pili kutoka kwetu, na Kiswahili alikuwa amekiokota kwa mafundi wake huko porini kwenye mitambo. Aliposikia Kolkata aliinuka kwenye kiti, akamshika mume wangu mikono yote miwili.

"Kaka, huko ni kwetu! Sikiliza. Ukitoka hospitali usikimbilie ndege. Mpeleke dada Digha. Mji mdogo, uko baharini. Watu wa Kolkata wote wakichoka wanakwenda Digha. Siku mbili tu. Unakula samaki, unalala, unaangalia maji. Basi."

Nilitegemea mume wangu atabasamu kwa adabu na mazungumzo yaishe. Badala yake alisogeza kiti karibu. "Kutoka Kolkata ni mbali?"

Tangu jioni ile mpango ukaanza. Mhandisi alikuja karibu kila siku baada ya kazi, nikawatengenezea chai, nao wakapanga. Kwenda na basi ama gari-moshi? Basi linatikisa, gari-moshi lina msongamano kwenye ngazi za stesheni. Mji mkongwe ama mji mpya? Mji mkongwe una ukuta wa mawe na mawimbi yanaupiga mpaka maji yanarukia barabarani; mji mpya una ufukwe mpana na miti ya mivinje. Mume wangu alichagua mji mpya. Aliuliza chumba kitaangalia upande gani, jua linachomoza wapi, ufukwe una mteremko kiasi gani. Aliuliza kama mpima, na uso wake ulikuwa na uhai ambao sikuwa nimeuona tangu ile siku ya kichuguu.

"Chumba kiwe cha chini," alisema. "Nisipande ngazi."

"Kaka, utakuwa na moyo mpya! Utapanda ngazi mpaka paani."

"Hata hivyo kiwe cha chini."

Nilitoka nje na sufuria mkononi kana kwamba nakwenda kumwaga maji. Nilisimama nyuma ya jiko. Kwetu Tabora mtoto hashonewi nguo kabla hajazaliwa, na mgonjwa haandaliwi sherehe ya kupona. Tunaita kuchuria. Unapotaja jambo jema kwa sauti kubwa kabla halijafika, unaliamsha baya lililolala pembeni yake. Na hawa wawili walikuwa wameketi sebuleni kwangu wakichagua chumba cha hoteli ng'ambo ya operesheni, kana kwamba operesheni ni mto mdogo wa kuruka.

Mhandisi alipoondoka nilimwambia, "Baba, acha hayo mambo ya Digha. Unajichuria."

Alipapasa ukingo wa meza. "Nikikaa bila kupanga hayo," alisema, "nafikiria lile jingine. Wewe unataka nifikirie lipi?"

Kesho yake nilinunua sukari zaidi kwa ajili ya chai yao.

Jambo lililobaki lilikuwa mama yake. Alikuwa mjane, mtu mzima, Mgorowa wa Bonga asiyependa maneno mengi, na mume wangu ndiye mtoto pekee aliyembakia. Wadogo wawili walikuwa wamekufa, mmoja akiwa mchanga na mwingine akiwa kijana. Tuliposhuka basi kwenda kumuaga, mume wangu alisimama kupumzika, akaniambia, "Sitamwambia habari za kufunguliwa kifua. Hatalala. Nitamwambia tunakwenda kupumzika."

"Na ukichelewa kurudi?"

Alijua ninachouliza. "Twende," alisema.

Tulimkuta anapepeta mahindi uani. "Shikamoo, mama," nilisema, nikapiga goti kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Mbona huyu amekonda?"

"Kazi, mama," mume wangu akadakia. "Ndiyo maana nimepewa likizo. Tunakwenda kupumzika baharini. India."

Mama aliacha kupepeta. Alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Mtu anavuka dunia kwenda kuangalia maji? Ziwa si hili hapa Babati?"

"Ziwa lina viboko, mama."

Hakucheka. "Na bahari ina nini?"

Mume wangu akamsimulia Digha kama alivyosimuliwa: mivinje, samaki, chumba cha chini, viti vya kukaa na kutazama. Alisimulia vizuri mno. Nikawaza kwamba kama sikuwa nimeiona ile ngumi ya daktari ikifunguka na kufunga, nami ningeamini. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akatufungia kuku mmoja miguu, akatuambia twende salama.

Tulidhani yameisha. Lakini wakati ule redio zilikuwa bado zinasema habari za yale mawimbi makubwa yaliyopiga nchi za mashariki, yaliyochukua watu kwa maelfu kutoka fukweni, na hata huku kwetu pwani yaliua. Mama alikuwa na redio ndogo. Haikupita wiki nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wangu, vumbi la barabara ya Bonga limempaka mpaka magotini. Alikuwa amekuja kwa miguu.

"Mwanangu," aliniambia, akanishika kanga, "wewe ni mwalimu, umesoma. Mwambie mumeo asiende. Bahari ya huko inaua watu. Nimesikia. Imeingia mahotelini watu wamelala, ikawabeba. Nimebakiwa na huyu mmoja."

Mikono yake ilikuwa migumu. Tulikuwa tumemficha hofu moja, tukamtwika nyingine. Yetu ilikuwa na daktari na kibali, yake haikuwa na chochote. Nilitaka kumwambia pale pale. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Kisha nikamwona mume wangu anaingia getini polepole, mkono kifuani, anatikisa kichwa kunikataza.

"Mama, hatutaingia majini," alisema. "Tutakaa juu, mbali. Nakuahidi."

"Uniapie."

Akaapa.

Safari yenyewe sitaisimulia sana. Ndani ya ndege nilimshika mkono mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Kolkata ilitupokea kwa joto lililoshika nguo mwilini na kelele za honi zisizokoma. Walimpima damu, wakampima moyo kwa mashine yenye picha, wakamwangalia mpaka mdomoni. Hapo ndipo mambo yalipopinduka. Jino moja la nyuma lilikuwa limeoza. Daktari mpasuaji, mtu mpole mwenye miwani, alitueleza kwa Kiingereza cha taratibu kwamba uchafu wa jino unaweza kuingia kwenye damu na kuushambulia mlango mpya. Wangeling'oa kwanza, wampe dawa, wasubiri kama wiki mbili ndipo wamfanyie operesheni.

"Siku za mwisho za kungoja mnaweza kutoka hospitali," alisema. "Apumzike tu. Asichoke."

Mume wangu, shavu limevimba, alinigeukia. "Digha," alisema.

"Hapana."

"Mpango upo."

"Mpango ulikuwa wa baada!" Nilipaza sauti mpaka muuguzi akageuka. "Ulisema baada. Moyo mpya, ndipo bahari. Huu moyo ulio nao hauwezi kwenda hata dukani."

Daktari hakuelewa maneno, lakini alielewa. Aliuliza ni wapi. Nilipomtajia Digha alicheka kidogo, akasema wazazi wake walimpeleka huko kila mwaka alipokuwa mtoto. Akatupa dawa za dharura, akatuambia tukodi gari dogo badala ya basi, na kwamba hospitali ipo njiani na nyingine ipo mji ule ule. Nilitaka akatae. Sikuwa na mtu mwingine wa kunisaidia kukataa.

Njia nzima niliihesabia pumzi yake. Nje ya dirisha yalipita mashamba ya mpunga, madimbwi ya samaki, wanawake wenye nguo za rangi kali wamebeba kuni kichwani kama kwetu. Yeye alitazama kila kitu. Mimi nilimtazama yeye.

Digha ilikuwa kama mhandisi alivyosema, na hilo ndilo lililonitisha. Mivinje ilikuwepo. Ufukwe ulikuwa mpana, mchanga wake wa kijivu umeshindiliwa kama sakafu, na maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Familia nzima nzima ziliingia majini na nguo zao, bibi ameshika mjukuu, wanapiga kelele kila wimbi likija. Walikuwepo wauza madafu, wauza makombe ya baharini, farasi waliopambwa shanga wa kupanda kwa malipo. Watu walitukodolea macho, wengine wakaomba tupige nao picha. Chumba kilikuwa cha chini.

Siku ya kwanza alikaa kwenye kiti kama alivyomwapia mama yake. Alikula samaki wa kukaanga akitafuna upande mmoja, akalala mchana chini ya mivinje, pumzi yake ikawa nzuri kiasi cha kunipa hofu mpya: labda anajisikia vizuri kwa sababu ndio mwisho. Watu husema mgonjwa hupata nafuu ya kuaga.

Siku ya pili, asubuhi, alivua viatu.

"Umeapa," nilimwambia.

"Miguu tu."

Alitembea kuelekea majini, suruali ameikunja, miguu yake iliyovimba inaacha alama za kina mchangani. Nilimfuata nimeshika shati lake kwa nyuma kama mama anayemfundisha mtoto kutembea. Wimbi la kwanza lilifika vifundoni. La pili lilikuja kubwa kuliko lilivyoonekana, likatupiga magotini, na liliporudi likavuta mchanga wote chini ya nyayo zetu. Nilihisi dunia inaondoka. Shati likanichomoka mkononi.

Alianguka akakaa. Wimbi jingine likamfika kifuani. Kinywa kilikuwa wazi, haingizi hewa, macho yamemtoka, hayanioni. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, nikamwita Mungu, nikamwita mama yake. Mwanamume mmoja mzee na mkewe waliokuwa wanaoga karibu walimdaka makwapani, tukamburuta mpaka pakavu, tukamwegemeza kwenye magoti ya yule mwanamke, kifua juu. Nilitafuta zile dawa ndani ya mkoba, vidole havinitii. Yule mwanamke aliuchukua mkoba kwangu, akatoa pakiti, nikaonyesha kidonge, naye akamwekea mume wangu chini ya ulimi. Alikuwa anamwambia kitu kwa lugha yao, taratibu, kitu kimoja tena na tena, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Hewa ilirudi kwa vipande. Kwanza mkoromo, kisha kikohozi, kisha akavuta pumzi ndefu yenye mlio. Midomo ikaanza kurudi rangi. Alipoweza kusema, alisema, "Inavuta kweli."

Nilimpiga kofi begani. Nililia mbele ya watu wale wote, nikiwa nimelowa mpaka kiunoni, na farasi wa shanga akitutazama.

Mchana ule tulikaa kibarazani mwa chumba. Dereva alikuwa anaandaa gari kuturudisha hospitali. Mume wangu alikuwa amevikwa blanketi.

"Nisipoamka," alisema, "mwambie mama niliingia majini. Mwambie nilivunja kiapo, ndiyo maana. Asijue habari ya kisu."

"Siwezi kusema hivyo."

"Atakuwa na mtu wa kumlaumu. Atanilaumu mimi. Itakuwa nafuu kwake kuliko kujua kwamba tulikuja huku tukiijua hatari, tukamficha."

Nilimwambia hapana, sitasema. Nilimwambia kama anataka mama yake aelezwe uongo, basi aamke aende akamwambie mwenyewe. Sikuwahi kumjibu hivyo katika ndoa yetu. Aligeuza uso upande wa bahari, kisha akasema, "Sawa."

Siku ya operesheni walimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu mpaka lango ambalo mimi sikuruhusiwa kupita. Aliinua vidole viwili kuniaga, milango ikafunga. Nilikaa ukumbini katikati ya wake na waume wa watu wengine, sote tumeshika vitu mikononi: rozari, tasbihi, mfuko wa machungwa. Kila mlango ulipofunguka tulisimama wote, kisha wote isipokuwa mmoja tukakaa. Hofu ilikuwa imenikausha hata nikashindwa kuomba. Nililokuwa naweza ni kufikiria: sasa wameusimamisha. Sasa umesimama. Sasa bado umesimama.

Yule daktari wa miwani alitoka mwenyewe, barakoa imeshuka kidevuni. Akachuchumaa mbele yangu, mtu mkubwa vile.

"Umeanza wenyewe," alisema. "Hatukuulazimisha."

Tulimpigia simu mhandisi kule Babati, tukamwomba aende Bonga akamwambie mama kwamba tu wazima. Alipopiga tena alisema mama aliuliza jambo moja tu: wameshatoka majini?

Tuliporudi, tulikwenda Bonga kabla hata ya kufungua mizigo. Mama alimkumbatia mwanawe, akamkalisha kwenye kigoda, akasema amenenepa, bahari imemfaa. Uani kulikuwa kimya, kuku tu wanakwaruza. Akainamisha kichwa.

"Hiyo saa yako ina kelele," alisema.

"Sina saa, mama."

Mlango ule mpya ulikuwa wa chuma, na uligonga. Tik, tik, tik. Ukikaa karibu naye mahali patulivu unausikia. Mama alimtazama mikono, haina saa. Alisogea, akafuata ile sauti kwa sikio mpaka kifuani, kisha akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja. Kovu lilikuwa bado jekundu, limeshuka kutoka chini ya koo mpaka mwisho wa mfupa wa kifua. Hakugusa. Mume wangu akaanza kueleza: mlango wa moyo, daktari, kibali. Akaeleza yote, hata kuanguka majini. Alikuwa ametimiza yale tuliyokubaliana kule kibarazani: ameamka, amemwambia mwenyewe.

Mama aliinuka akaingia ndani, akarudishia mlango. Tulikaa pale uani tukiwa watu wazima wawili tulioogopa kubisha hodi. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Kila siku nilikuwa naomba," alisema. "Asubuhi na jioni. Nikimwambia Mungu, maji yasimchukue. Maji, maji, maji tu. Hakuna hata siku moja niliyouombea moyo."

"Mungu alijua, mama," mume wangu akasema.

"Mungu alijua. Na mimi je?"

Jua lilikuwa limeanza kuegemea magharibi alipoagiza tusiondoke kabla ya kula. Nilimfuata jikoni nikachukua kisu nimsaidie kumenya ndizi. Alininyang'anya, akaniambia nikakae na mume wangu. Nilipogeuka kutoka, akaniuliza bila kunitazama, "Ukiwa umelala karibu naye, unaisikia ile sauti?"

"Naisikia kila siku, mama."

"Ikinyamaza, mimi ndiye wa kwanza kuambiwa. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Akaendelea kumenya.